Mikoko ya Hori la Tudor: miti tunaihesabu, maji je?

Kila ifikapo Juni 5, Siku ya Mazingira Duniani, na tena Julai 26, Siku ya Mikoko, kingo za Hori la Tudor, mkono wa bahari ulio kando ya kisiwa cha Mombasa, hujaa watu. Wanafunzi huja na sare zao, maafisa wa misitu huja na hotuba, wafanyakazi wa makampuni huja na fulana mpya zenye nembo, na akina mama wa vikundi vya mtaani huleta miche waliyoilea vitaluni kwa miezi. Mbegu ndefu za mkoko hudidimizwa matopeni kwa safu, picha hupigwa, na jioni tunatangaziwa idadi. Ni kazi njema, na wanaoifanya siku zote, wale wasiopigwa picha, wanastahili heshima yetu. Ila idadi ile ya miche imegeuka kuwa kipimo pekee cha afya ya msitu wetu, na hapo ndipo mjadala wa mikoko ya Mombasa ulipopotea njia.

Katika mjadala huo zipo kauli mbili. Ya kwanza inasema adui wa mikoko ni shoka: watu wanakata, basi wazuiwe, na pale palipokatwa papandwe. Ya pili, inayosikika zaidi kwenye ripoti za watafiti kuliko barazani, inasema adui mkubwa wa mikoko iliyo karibu na mji ni kile kinachotiririkia ndani yake: maji taka, mafuta, udongo wa mashambani, takataka. Inasema pia kwamba mti kusimama si ushahidi kuwa msitu uko hai. Kauli hii ya pili haijapewa sikio. Wanaoitoa huonekana watu wa kuvunja moyo, wakosoaji wa kazi za wenzao ambao wao wenyewe hawajashika hata mche mmoja. Kwa maoni yangu wanaonewa, ingawa wa kauli ya kwanza nao wana haki yao.

Tuanze na haki hiyo. Ukataji upo, na haukuanza jana. Serikali ya kikoloni iliitangaza mikoko ya Kenya kuwa misitu ya serikali mwaka 1932, na tangu hapo marufuku zimekuja na kuondoka, lakini mji haukuacha kuhitaji nguzo na kuni. Kwenye Hori la Tudor kuna mikoko iliyogeuzwa kuni za mapipa ya chang'aa humo humo msituni, mbali na macho ya askari. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, ulioongozwa na Jared Bosire, ulilinganisha picha za tangu 1992 hadi 2009 na kukuta kwamba Tudor ilikuwa imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya eneo lake la mikoko katika miaka hiyo 17. Mwache, upande wa Port Reitz, hori jingine la Mombasa, ilikuwa imepoteza karibu nusu. Anayesoma tarakimu hizo kisha akashika mche na kwenda kupanda hawezi kuambiwa amekosea.

Tena kupanda kuna faida ambayo hotuba za kisayansi hazina: mtu wa kawaida anaweza kuifanya kazi hiyo leo, kwa mikono yake, akalipwa ujira wa kitalu, na baada ya miaka mitano akaonyesha mti. Kule Gazi, Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza hewa ya kaboni, yaani kulipwa kwa kaboni inayonaswa na msitu, tangu mwaka 2013, na fedha zake zimeingia kwenye maji ya mifereji na vifaa vya shule. Wanavijiji wa Gazi wanaulinda msitu kwa sababu msitu nao unawatunza. Kwa hiyo anayesema upandaji ni maonyesho matupu hajafika Gazi.

Lakini Gazi haina mji mgongoni. Nyuma ya mikoko ya Gazi kuna minazi, mashamba na kijiji. Nyuma ya mikoko ya Tudor kuna Mikindani, Jomvu, Mishomoroni na kisiwa chenyewe upande wa pili. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 939,370 katika Mombasa, na ile ya 2019 ikahesabu 1,208,333. Mitambo ya kusafisha maji taka ambayo mji huu umekuwa ukiitegemea ni ya Kizingo na Kipevu, na sehemu kubwa ya wakazi hawajawahi kuunganishwa na mtambo wowote. Wana vyoo vya shimo na matangi ya chini ya ardhi, na mvua kubwa zikija kila kilichomo hutafuta njia ya kuteremkia, nayo njia hiyo huishia horini.

Hapa ndipo watafiti wana jambo la kutuambia, na jambo hilo linahusu kaa.

Kati ya mwaka 2005 na 2008 wanasayansi wa Kenya, Tanzania, Msumbiji na Ulaya walishirikiana kuichunguza mikoko iliyo pembezoni mwa miji ya Afrika Mashariki. Walitaka kujua kama mikoko inaweza kuyachuja maji taka ya nyumbani, na kwa gharama gani kwake yenyewe. Mombasa waliichagua Mikindani, mahali ambapo kwa zaidi ya miaka kumi maji taka ya mtaa yalikuwa yakipita katikati ya mikoko kwa vijifereji, yakichanganyika na maji ya bahari kila yanapojaa. Wakalinganisha na mikoko ya kusini, upande wa Kwale, isiyomwagiwa kitu. Msumbiji walifanya vivyo hivyo karibu na Maputo.

Matokeo ya kwanza, yaliyochapishwa mwaka 2009, yangeweza kumfurahisha yeyote anayetaka kufurahi. Kwenye mikoko inayopokea maji taka, uzito wa kaa kwa eneo ulikuwa mkubwa kuliko kule kusafi. Kaa walikuwa wengi, walioshiba. Mtu akiishia hapo, atasema maji taka ni mbolea na viumbe vimenawiri, kelele za nini basi? Na wapo walioishia hapo. Nimesikia hoja hiyo vikaoni, ikitolewa kwa nia njema kabisa, kuonyesha kwamba bahari yetu ina nguvu za kujisafisha.

Ila kazi haikuishia kwenye mizani. Mwaka 2011 baadhi ya watafiti hao hao, Fabrizio Bartolini na wenzake, walichapisha kazi nyingine. Safari hii hawakuuliza kaa ni wangapi, waliuliza wanafanya nini. Walikaa wakawatazama aina mbili za vijikaa wa matopeni, wale ambao dume ana gando moja kubwa analolipunga na jingine dogo la kulia chakula. Ili kuelewa walichokiona, lazima kwanza tujue kazi ya kijikaa huyu.

Maji yakipwa, shuka mpaka ukingoni mahali ambapo mikoko haijaguswa na mji, utulie kidogo bila kutikisika. Mwanzoni hutaona kitu ila tope na matundu. Kisha watatoka. Kila mmoja anachota punje ya tope kwa gando dogo, anaitia mdomoni, anachuja utando wa mwani na vijidudu vinavyomlisha, na kilichobaki anakitema kama kidonge. Baada ya saa moja tope lote limefunikwa na vidonge hivyo, vimepangika kuzunguka kila tundu. Tope la juu limepinduliwa lote, na limepigwa na hewa. Matundu nayo yanaendelea kuchimbwa na kukarabatiwa. Maji ya bahari yanaingia na kutoka humo, yakipeleka hewa chini na kuondoa ile gesi yenye harufu ya yai viza inayojikusanya kwenye tope lisilopumua. Mizizi ya mchu na mkoko inaishi katika tope hilo hilo. Kaa huyu ndiye jembe la msitu, na halali msimu wowote.

Sasa Mikindani. Utando wa chakula juu ya tope umenenepa kwa sababu ya maji taka. Kijikaa anatoka tunduni, anachota, na kabla hajapindua hata sehemu ndogo ya tope ambalo mwenzake wa Kwale angepindua, ameshashiba. Watafiti walikuta kwamba kaa wa pale wanatumia muda mchache zaidi kula na kukarabati matundu, kwa hiyo tope linalogeuzwa ni kidogo. Kaa wapo, tena wengi. Kazi yao ndiyo imepungua. Watafiti wakauita uharibifu uliojificha, usioonekana kwa kuhesabu vichwa.

Jambo hili limenikaa moyoni kuliko tarakimu nyingine yoyote ya mikoko, kwa sababu linavunja kipimo tulichokizoea. Tumezoea kuamini kwamba mnyama akiwepo, makazi yake ni mazima, na wakiwa wengi, makazi yamestawi. Kwa kipimo hicho Mikindani ilikuwa imepasi. Lakini anayeuliza tope linapinduliwa mara ngapi, hewa inashuka hadi wapi, mizizi inapumua nini, anapata jibu jingine kabisa mahali pale pale, siku ile ile. Na mti hautasema. Mkoko uliokwisha kukua unaweza kusimama miaka mingi juu ya tope linalokosa hewa, majani yake mabichi, pengine mabichi kuliko ya jirani kwa sababu ya mbolea ya chooni. Picha ya setilaiti itauhesabu kuwa msitu, na kwenye sherehe ya Julai utapigiwa makofi.

Kuna na kiumbe wa pili ambaye kwake hakukuwa na la kujadili. Konokono mrefu mweusi wa matopeni, anayejulikana kitaalamu kama Terebralia palustris, alikuwa ametoweka kwenye mikoko ya maji taka. Waliokulia pwani wanamjua. Hulundikana chini ya mikoko wakiligombania jani lililoanguka. Utafiti uliofanywa Gazi miaka ya 1990 ulionyesha kwamba konokono huyu na kaa wanaoburuta majani hadi matunduni mwao ndio wanaoondoa sehemu kubwa ya majani yanayodondoka. Jani likiliwa hapo hapo, rutuba yake inabaki msituni. Lisipoliwa, maji yanalichukua. Konokono akiondoka hakuna tangazo linalotolewa, hana bei sokoni na hotelini hawamjui, lakini mzunguko wa chakula wa msitu umepungukiwa na mkono.

Ndiyo maana naona ni makosa kuwaita watafiti hawa watu wa kukatisha tamaa. Hawakusema mikoko isipandwe. Walisema tukipanda mche kwenye tope lililokosa hewa, ambalo watunzaji wake wamelemazwa kwa shibe, tunaupeleka mche mahali pasipoweza kuulea. Wapandaji wenyewe wanalijua hili kwa uzoefu. Kila kikundi kando ya hori kina eneo lililopandwa likafa, likapandwa tena likafa tena. Lawama hutupiwa mbuzi, mawimbi, au vijana waliopanda bila kufundishwa. Wakati mwingine ni kweli. Wakati mwingine tumepanda mkoko pahali pa mlilana, aina nyingine ya mti wa msitu huu, kwa sababu tu mbegu ya mkoko ni rahisi kuokota na kudidimiza. Lakini mara ngapi tumelipima tope kabla ya kumlaumu mtu?

Na maji taka si peke yake. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi kutoka mashamba ya bara, na Mwache mikoko ikafukiwa mizizi, ikafa imesimama. Hakuna shoka lililopita hapo. Kiini cha msiba ule kilikuwa juu milimani, kwenye ardhi iliyoachwa uchi. Mwaka 1988 mafuta yalimwagika na kuingia Hori la Makupa, yakaua mikoko na kuacha tope tupu kwa miaka. Mwaka 2005 meli ya mafuta Ratna Shalini ilivuja bandarini Kilindini, na mafuta yakasambaa mpaka mikoko ya Port Reitz. Kisha Kibarani: kwa miongo taka za mji mzima zilirundikwa ukingoni mwa maji, na majitaka yake yakichuruzika horini, hadi jaa lilipofungwa mwaka 2018 na pahali pale kuanza kugeuzwa bustani. Juu pamependeza. Madini mazito yaliyoshuka kwenye tope la hori hayaondoki kwa kupandiwa nyasi. Hayaozi, hayavukizi, yanasubiri kumezwa na chaza na kaa.

Nirudi kwa wanaowapinga watafiti, maana wana hoja nzito kuliko ile ya kaa waliononona. Wanasema hivi: mikoko huchuja. Tafiti hizo hizo, pamoja na majaribio yaliyofanywa Dar es Salaam kwa kupanda mikoko kwenye vibwawa na kuimwagia maji taka kwa kipimo, zilionyesha kwamba miti na tope lake hunasa sehemu kubwa ya uchafu. Mtambo wa kusafisha unahitaji mabilioni, mikopo, na miaka kumi ya zabuni. Mikoko iko pale leo. Tukiuondoa mzigo huu mikokoni bila kuwa na pa kuupeleka, utakwenda moja kwa moja kwenye nyasi za bahari na matumbawe, kwenye Hifadhi ya Bahari ya Mombasa iliyotengwa mwaka 1986 kule Nyali na Bamburi. Matumbawe yale yaliungua vibaya kwa joto mwaka 1998, na hayahitaji adhabu nyingine. Kwa hiyo, wanasema, afadhali mikoko iumie kidogo kuliko bahari yote iumie.

Hoja hii naiheshimu, na sehemu yake naikubali: kwa sasa mikoko ya Tudor inatuokoa na mengi tusiyoyaona. Lakini haitoshi kusema kwamba inachuja. Lazima tuulize nani anaifanya ichuje. Tope lenye matundu, lenye hewa, lililojaa vijidudu vinavyohitaji hewa hiyo, ndilo linalovunja uchafu. Kaa wakipunguza kuchimba, chujio lenyewe linaziba. Kwa kuutegemea msitu kama mtambo wa bure huku tukiongeza mzigo mwaka hadi mwaka, tunadhoofisha kile kile tunachokitegemea. Yale majaribio ya Dar es Salaam yalikuwa na kipimo, yaani kiasi fulani cha maji taka kwa eneo fulani, kwa muda fulani. Mikindani haikuwekewa kipimo na mtu. Bomba lilipoishia ndipo maji yalipokwenda. Aliyetaka mikoko iwe chujio kwa dhati angetenga eneo, angekadiria kiasi, angeyatuliza maji kwanza kwenye mabwawa, na angepima tope kila mwaka. Hilo lingekuwa sera, na ningeliunga mkono. Hali ilivyo leo hatuwezi kuiita hivyo.

Tena kuna wanaokula kutoka hapo. Kamba na mkizi wachanga hukulia katika vijito vya mikoko kabla ya kutoka nje. Kaa koho anayeuzwa ghali hutolewa kwenye tope hilo hilo. Chaza wanaoshika mizizi ya mikoko huchuja maji kwa ajili ya kula, na kilichomo majini kinabaki ndani yao. Mvuvi wa mtumbwi wa Tudor hana uwezo wa kwenda bahari kuu. Akiambiwa maji yake ni chujio la mji, ameambiwa pia kwamba riziki yake ni sehemu ya gharama. Hakuna kikao alichoitwa kukubaliana na jambo hilo.

Hoja nyingine ya wapinzani ni kwamba kuzungumzia uchafuzi ni kuzungumzia jambo lisilo na mwenyewe. Anayekata mti anaweza kukamatwa na kushtakiwa, wanasema, lakini maji taka utamshtaki nani? Hapa wamegusa kiini hasa. Katika kesi ya Owino Uhuru, kijiji kilichopo si mbali na Mikindani, kiwanda cha kuyeyusha betri kilitia risasi kwenye miili ya wakazi, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira Mombasa iliamua wananchi walipwe shilingi bilioni 1.3. Ilikuwa miaka ya mapambano yenye machungu, lakini kulikuwa na kiwanda, kulikuwa na bomba la moshi, kulikuwa na anwani. Maji taka ya hori yanatoka kwenye nyumba zetu sote, za kupanga na za kujenga, za ghorofa na za makuti. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, lakini mkosaji akiwa mji mzima, haki hiyo inakosa pa kushika. Ndiyo sababu mkata kuni anaonekana mkubwa kuliko alivyo. Ana sura na panga, na akikamatwa kuna habari ya kuandika. Naye mara nyingi ndiye maskini kuliko wote katika kisa hiki. Simtetei anayeteketeza msitu kwa ajili ya chang'aa. Nasema tu kwamba tumemtwika yeye peke yake kosa ambalo sehemu yake kubwa hupitia kwenye mabomba yetu.

Kuna mahali ambapo kauli ya watafiti ni dhaifu, nayo isemwe. Vipimo vya Mikindani ni vya miaka ya 2000. Mji umekua, mitaa imeongezeka, na mahali palipokuwa na vijifereji vya wakati ule huenda pana sura nyingine. Pia mikoko ya mjini hupatwa na mambo yote kwa pamoja: inakatwa, inafukiwa, inamwagiwa. Ukilinganisha na Kwale, huwezi kutenganisha kila sababu kwa uhakika kamili. Anayehoji hivyo anahoji kisayansi. Lakini jibu la shaka hiyo ni kupima tena, na vipimo hivyo havihitaji setilaiti. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi iko papa hapa Mkomani, na wanafunzi wa vyuo vya pwani wanaweza kukaa matopeni maji yakipwa na kuhesabu matundu, vidonge, konokono. Kati ya sensa ya 2009 na ile ya 2019 watu zaidi ya laki mbili na nusu waliongezeka katika kaunti. Ni vigumu kuamini kwamba mzigo wa hori umepungua wenyewe.

Na wanaosema kwamba kusafisha maji ni ndoto ya mabilioni, wautazame Makupa. Tangu enzi za ukoloni njia ya kuingia kisiwani kutoka Changamwe ilikuwa tuta la udongo na mawe lililoziba maji kati ya Hori la Tudor na Port Reitz. Mwaka 2022 lilifunguliwa daraja, tuta likaondolewa, na maji yakapata tena kupita chini kwa kujaa na kupwa. Nia kubwa ilikuwa barabara na bandari, na fedha zilipatikana kwa sababu hiyo. Lakini kwa viumbe wa hori hilo, kuruhusu maji yapite ni jambo kubwa kuliko miche yoyote iliyowahi kupandwa pale, na limewezekana bila mbegu hata moja kudidimizwa. Makazi ya wanyama wa bahari wakati mwingine huhitaji kitu kiondolewe tu, kisha bahari ijifanyie kazi.

Yapo mengine madogo kuliko daraja. Magari ya kunyonya vyoo yanahitaji pa kumwaga palipo karibu na pa bei nafuu, la sivyo kila dereva atavutwa na mtaro ulio karibu. Mtaa mmoja kama Mikindani unaweza kujengewa mabwawa ya kutuliza maji kabla hayajafika mikokoni. Vikundi vinavyolipwa kupanda vinaweza kulipwa vilevile kupima: mama anayejua kutofautisha mche wa mkandaa na wa muia hashindwi kuhesabu matundu ya kaa ndani ya fremu ya mita moja na kuandika daftarini. Kazi hiyo ingewapa vikundi sauti mezani, maana leo wanaitwa siku ya kupanda na kusahaulika siku ya kuamua.

Mpango wa taifa wa kusimamia mikoko, ulioandikwa kwa miaka ya 2017 hadi 2027, unafika ukingoni. Utakaofuata utaandikwa na watu wachache katika vyumba vyenye viyoyozi, na ndani yake kutakuwa na jedwali la vipimo vya mafanikio. Safu ya hekta zilizopandwa haitakosekana. Wanaoitakia heri Tudor wadai safu nyingine tatu kando yake: ubora wa maji yanayoingia, hali ya tope, na kazi ya kaa na konokono. Pia wadai kwamba kwa hori lililobanwa na mji, fedha za kupanda zisitolewe mpaka safu hizo tatu zimejazwa. Mikindani iwe ya kwanza kupimwa, kwa kuwa ndiyo pekee ambayo tayari tuna cha kuilinganisha nacho.